SAA ZA MAPUMZIKO: NDEGE WA MAJI NA LENZI NDEFU

Barua nyingi zinazoufikia ukurasa huu huuliza habari za mapishi, ushonaji na malezi. Juma hili tumepokea barua ya namna nyingine. Mama mmoja wa Ngagara, ambaye mumewe ni askari aliye kazini mbali na nyumbani, anaeleza kwamba kijana wao wa miaka kumi na tisa amenunua kwa akiba yake lenzi kuukuu ya kamera, ndefu kama mkono kutoka kwenye kiwiko hadi ncha za vidole, pamoja na kitako cha kuegemeza begani. Kila Jumapili alfajiri kijana huyo huondoka kwenda upande wa Gatumba kupiga picha ndege wa maji. Mama anauliza mambo mawili. La kwanza, je, mchezo huu una heshima na faida yoyote? La pili, je, hapana hatari kwa kijana kutembea na chombo ambacho jirani mmoja amekwisha kukidhania kuwa bunduki?

Tutayajibu yote mawili. La pili tutalipa nafasi kubwa zaidi, kwa sababu miongoni mwa wasomaji wetu wamo wazazi wa vijana kama huyo, na wamo pia askari wanaosimama kwenye lindo na vizuizi, ambao siku moja wataiona lenzi ya namna hiyo ikiwaelekea.

Mchezo na mahali pake

Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kuingia Ziwa Tanganyika karibu na mji wetu wa Bujumbura. Kabla ya kufika ziwani mto hugawanyika, na hapo pana matete, madimbwi na mafungu ya mchanga. Sehemu hiyo imehifadhiwa tangu mwaka 1980, na mwaka 2002 iliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, yaani mapatano ya mataifa juu ya ardhi zenye majimaji, yaliyofanyika katika mji wa Ramsar nchini Irani mwaka 1971. Leo husimamiwa na ofisi ya taifa ya kuhifadhi mazingira, ambayo kwa kifupi cha Kifaransa huitwa OBPE.

Hapo huonekana mwari, korongo, yangeyange, mnandi, bata maji na furukombe, yule tai alaye samaki ambaye sauti yake husikika kabla yeye mwenyewe hajaonekana. Kuanzia Oktoba hadi Aprili huongezeka kitwitwi na ndege wengine wadogo wa ufukoni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Wasomaji wetu walio kazini upande wa Kirundo wanalo Ziwa Rwihinda, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la Ziwa la Ndege.

Picha ya ndege yenye tarehe na jina la mahali ni ushahidi. Mwaka 2020, na tena mwaka 2024, maji ya ziwa yalipanda, na Gatumba ikapata mafuriko makubwa. Atakaye kujua ni ndege gani waliokuwapo kwenye mafungu ya mchanga kabla ya maji, na ni nani waliorudi baadaye, hana budi kuwauliza wale waliokuwa wakitazama na kuweka kumbukumbu. Kijana mwenye daftari lenye tarehe, saa, mahali na jina la ndege anafanya kazi ambayo hata wataalamu wataihitaji. Basi jibu la swali la kwanza ni hili: ndiyo, Mama, mchezo huu una heshima, iwapo utafanywa kwa utaratibu.

Kwa nini lenzi iwe ndefu

Ndege wa maji hukaa mahali peupe, kwa hiyo humwona mtu kutoka mbali. Mtu akisogea mno, ndege huacha kula na kuruka. Akiwa na mayai au makinda juu ya mchanga, kuruka kwake ni msiba, kwa sababu jua la nchi yetu huweza kuyaua mayai yaliyoachwa wazi kwa muda mfupi tu. Mpiga picha mwema hukaa mbali, na lenzi ndefu imetengenezwa ili kumwezesha kukaa mbali.

Hesabu yake ni nyepesi, na hata mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kuifanya. Chukua ndege mwenye kimo cha mita 1 aliyesimama mita 100 kutoka kwenye kamera. Kwa lenzi ya kawaida ya milimita 50, umbo lake juu ya filamu litakuwa na urefu wa nusu milimita, yaani kijidoa tu. Kwa lenzi ya milimita 500 litakuwa milimita 5. Kwa lenzi ya milimita 1000 litakuwa milimita 10, na kwa kuwa kimo cha picha ya filamu ya kawaida ni milimita 24, ndege huyo sasa amejaza karibu nusu ya kimo hicho. Mpiga picha hakusogea hata hatua moja, na ndege hakusumbuliwa.

Lakini lenzi ikuzayo ndege hukuza pia mtetemeko wa mkono. Mafundi wa zamani walituachia kanuni: mwenye lenzi ya milimita 500 akiishika mkononi, asiache mwanga uingie kwa muda unaozidi sehemu moja ya 500 ya sekunde, mwenye milimita 1000, sehemu moja ya 1000. Kwa ndege anayeruka yafaa kwenda kasi zaidi ya hapo. Zipo pia lenzi ndogo za kuongeza ukuzaji, zinazotiwa kati ya lenzi kubwa na kamera. Ile ya kuzidisha mara mbili hupunguza mwanga hadi robo, na ile ya mara 1.4 huupunguza hadi nusu. Kila faida ina gharama yake.

Lenzi ya vioo na vyombo vya kujitengenezea

Yamkini lenzi ya kijana wetu ni moja ya zile za vioo vya kuakisi. Mwaka 1941 mtaalamu wa Kisovieti, Dmitri Maksutov, alibuni namna ya darubini ambamo mwanga huingia mbele, hupiga kioo cha nyuma, hurudi kwenye kioo kidogo cha mbele, kisha hupita kwenye tundu lililo katikati ya kile cha nyuma hadi kwenye kamera. Kwa kuwa mwanga umekunjwa ndani, lenzi ya milimita 500 au 1000 huwa fupi na nyepesi kuliko ile ya vioo vya kawaida vilivyopangwa kwa safu. Viwanda vya Kisovieti vilitengeneza lenzi za namna hiyo zikaenea duniani, na mpaka leo huuzwa kuukuu kwa bei nafuu. Skrubu yake ya milimita 42 huunganishwa na kamera za kisasa kwa pete ya chuma.

Lenzi hizo zina kasoro mbili ambazo mwenye kupiga picha za majini lazima azijue. Tundu lake la mwanga halipunguzwi wala kuongezwa, na mwanga wake ni hafifu. Tena, kila mmeto wa jua juu ya mawimbi yaliyo nyuma ya ndege hugeuka kuwa kipete cheupe katika picha. Dawa yake ni kuchagua mahali ambapo nyuma ya ndege pana matete au kivuli badala ya maji yanayong'aa.

Asiye na lenzi ndefu asikate tamaa. Mwaka 1999 Laurence Poh, mtazamaji ndege wa Malaysia, aliweka kamera ndogo ya kidijiti nyuma ya darubini ya kutazamia ndege, akapata picha za mbali sana. Leo watu hufanya vivyo hivyo kwa simu. Mwenye darubini ya baba yake nyumbani aweza kutengeneza kishikizo cha mbao au cha plastiki kinachoshika simu sawasawa mbele ya kioo cha kutazamia, pasipo kuacha upenyo wa mwanga pembeni.

Cha kuegemezea lenzi ni rahisi kuliko vyote. Mama, chukua mguu wa suruali iliyochakaa, ushone ncha moja, ujaze maharage makavu hadi robo tatu, kisha ushone ncha ya pili. Mfuko huo ukiwekwa juu ya jiwe, ukingo wa mtumbwi uliovutwa nchi kavu au dirisha la gari lililozimwa, huikumbata lenzi na kuituliza kabisa. Mahali pa maharage paweza kutiwa mchanga mkavu, lakini mchanga huvuja na kukwaruza vioo. Tafadhali suruali hiyo isiwe ya sare.

Saa nazo ni chombo. Sisi wa Bujumbura tumebahatika: jua huchomoza nyuma ya milima iliyo mashariki mwa mji, nalo ziwa liko magharibi. Anayetazama ziwani kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu asubuhi ana jua mgongoni na ndege waliojaa nuru mbele yake. Baada ya saa nne, hewa ya moto hucheza juu ya mchanga na maji, na picha ya mbali hutoka kama iliyopigwa nyuma ya mvuke. Hapana lenzi, hata ya bei gani, iponyayo ugonjwa huo. Jioni jua huwa mbele, kuelekea milima ya Uvira. Na mtu asilitazame jua kamwe kupitia lenzi ndefu, kwani litaharibu kamera na kupofusha jicho.

Tahadhari nyingine ni ya uhai. Huko Ulaya wapiga picha hujitosa majini ndani ya kijibanda kinachoelea, kichwa kikiwa usawa wa ndege. Ufundi huo usiigwe hapa hata siku moja. Rusizi ina viboko na mamba, na yule mamba aliyepewa jina la Gustave, aliyekadiriwa kuwa na urefu wa zaidi ya mita 6, alijulikana duniani kote kwa sababu ya watu waliopotea. Kijana akae nchi kavu, mbali na ukingo wa maji, asizibe njia ya kiboko, na aondoke kabla ya magharibi.

Chombo kinachofanana na silaha

Sasa tunafika kwenye swali la pili. Lugha yetu yenyewe hutumia neno moja kwa mambo mawili: twapiga picha, na twapiga risasi. Historia ya kamera nayo imekwenda njia hiyo hiyo. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey, akitaka kujua jinsi ndege anavyopiga mbawa, alitengeneza kamera yenye umbo la bunduki, iliyochukua picha 12 kwa sekunde moja. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri katika nchi zilizo karibu na Kilimanjaro akiwa na kamera ya lenzi ndefu pamoja na bunduki, na aliyatumia yote mawili. Kisha kuanzia mwaka 1965 kiwanda cha Krasnogorsk karibu na Moscow kilitengeneza kamera yenye lenzi ya milimita 300 juu ya kitako cha kuegemeza begani, yenye kifyatulio cha kidole, ikapewa jina la Fotosnaiper, yaani mdunguaji wa picha. Kitako husaidia kweli kumfuata ndege angani. Lakini mtu aliye mita 200 upande wa pili haoni kamera. Anaona bega, shavu, mtutu na jicho linalolenga.

Matokeo ya kosa la namna hiyo yanajulikana. Tarehe 17 Agosti 2003, nje ya gereza la Abu Ghraib nchini Iraki, Mazen Dana, mpiga picha wa shirika la habari la Reuters, aliuawa na askari wa Marekani ambao walisema walidhani kamera yake ni chombo cha kurushia roketi. Tarehe 12 Julai 2007, mjini Baghdad, mpiga picha Namir Noor-Eldeen na mwenzake Saeed Chmagh, wote wa shirika hilo hilo, waliuawa kutoka kwenye helikopta, na kamera yenye lenzi ndefu ilidhaniwa kuwa silaha. Ile ilikuwa nchi yenye vita, na hatuyataji haya ili kumhukumu mtu. Twayataja kwa sababu jicho la binadamu ni lile lile popote, na mwenye wajibu wa kulinda ana sekunde chache tu za kuamua.

Upande wa Gatumba una mambo yake. Njia ya kwenda Rusizi ndiyo njia ya kwenda mpakani, ambako ng'ambo yake ni Kavimvira katika Kongo. Uwanja wa ndege wa Bujumbura hauko mbali. Kijana anayelala kifudifudi kwenye majani alfajiri, lenzi ndefu mbele yake, katika mahali kama hapo, anamtwisha askari wa zamu mzigo ambao askari huyo hakuuomba.

Kwa hiyo kanuni ya mchezo huu, ambayo tungependa kila mwenye lenzi aiweke moyoni, ni hii: ajifiche kwa ndege, asijifiche kwa watu.

Kwa kijana, kanuni hiyo ina maana zifuatazo. Apite kwanza langoni mwa hifadhi, alipe kiingilio, na afuatane na mwongoza wageni au mlinzi wa hifadhi. Afike kwenye kituo cha askari kilicho karibu kabla hajafungua mfuko wake, atoe kitambulisho, aonyeshe chombo na kueleza atakuwa wapi na hadi saa ngapi. Na zamu ikibadilika, aeleze upya. Barabarani lenzi iwe ndani ya mfuko, haipaswi kuning'inia begani. Asivae nguo za mabaka kama za jeshi. Shati la rangi moja iliyopoa latosha, kwa maana ndege hushtushwa zaidi na mwendo wa ghafula. Kile kitako, ushauri wetu ni kukiacha nyumbani na kutumia mfuko wa maharage au stendi ya miguu mitatu. Asielekeze lenzi kwenye daraja, kituo, kambi au uwanja wa ndege, hata kama mwari mzuri kuliko wote ametua juu yake. Na akiitwa, asigeuke na chombo jichoni. Akiweke chini taratibu, asimame, aonyeshe viganja, kisha ajibu kwa heshima.

Wewe Mama unayo kazi yako pia. Mshonee mwanao ala ya lenzi kwa kipande cha kitenge chenye maua ya rangi ya majani. Itazuia vumbi, itapunguza joto la jua juu ya chuma, na zaidi ya yote, hapana mtu aliyewahi kuona bunduki iliyovaa kitenge. Wakati wa mvua, lenzi ihifadhiwe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, pamoja na mchele uliokaangwa ukapoa na kufungwa katika kitambaa safi, ili ukungu usiote kwenye vioo.

Kwa askari wetu, nanyi mna machache ya kukumbuka. Lenzi ndefu kwa kawaida hupanuka kuelekea mbele na kuishia kwenye kioo kipana kinachomeremeta. Mtutu wa bunduki hauna kioo. Nyuma yake pana kamera na mara nyingi kijioo chenye picha. Mwenyewe hukaa muda mrefu akielekea majini, hafuati mwendo wa watu wala magari. Dalili hizi si uthibitisho, na wajibu wenu wa kukagua unabaki pale pale. Mwiteni kutoka mbali mahali penye kinga, mwambieni aweke chombo chini na kusogea kando yake, kisha mwambieni awaonyeshe picha zake. Kamera ya kidijiti itajieleza yenyewe kwa dakika moja. Ikiwa ni ya filamu, msifungue mgongo wake, kwani mwanga utafuta kazi yote ya asubuhi ile. Na vioo visiguswe kwa vidole.

Mama wa Ngagara, usimkataze mwanao. Mwandikie baba yake habari hizi, kwa kuwa yeye askari atajua vizuri kuliko sisi namna ya kumfundisha kijana kujitambulisha mbele ya lindo. Jumapili ya kwanza, ikiwa baba amepata likizo, waende pamoja hadi kituoni, wasalimie, waonyeshe lenzi ikiwa na vazi lake la kitenge. Askari akiisha kumjua kijana kwa jina, mwari na korongo watapigwa picha kwa amani, na picha moja ipelekwe kituoni kuwa shukrani.

Juma lijalo, kwa maombi ya wasomaji wengi, tutarudi jikoni: jinsi ya kukausha ndagala wasiharibike wakati wa mvua.